Petroli na gesi katika injini moja: historia fupi ya taimingi

Leo tunaacha kompyuta za mezani kidogo, tunafungua boneti. Msikimbie, programu tutazikuta humo humo ndani.

Chanzo cha makala haya ni pikapu ya mjomba wangu. Ni gari la zamani, la kabureta na distributa. Alilifungia mtungi wa gesi Nairobi kwa kuwa gesi ilimtokea nafuu kuliko petroli, na fundi wa huko akamwekea taimingi ya kufaa gesi. Likavuta vizuri sana. Kisha mjomba akarudi nyumbani. Huku hakupata pa kujaza gesi ya gari, basi akageuza swichi, akarudi kwenye petroli.

Siku moja akapakia magunia ya omena Homa Bay kwenda Migori. Kwenye kilima cha kutoka ziwani kuelekea Rodi Kopany injini ikaanza kugonga: ka-ka-ka-ka. Akadhani ni valvu, akaendelea. Hakufika Awendo. Pistoni moja ilikuwa imetoboka!

Nikamwambia, "Mjomba, si ungesimama?"

"Ningesimama vipi, mpwa wangu, na mzigo wa watu mgongoni?"

Sasa nani alikosea, dereva au fundi? Ili kujibu, turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Kwanza, taimingi ni nini? Plagi hutoa cheche, mchanganyiko wa hewa na mafuta ukawaka, pistoni ikasukumwa chini. Lakini mafuta hayawaki yote papo hapo, huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Kwa hiyo cheche lazima itangulie, pistoni ikiwa bado inapanda. Piga hesabu nami: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mizunguko 50 kwa sekunde, yaani digrii 18 kwa kila elfu moja ya sekunde. Ikizunguka mara 1,000, ni digrii 6 tu. Ndiyo maana namba moja haitoshi. Cheche ikichelewa, nguvu inapotea na moto unaishia kwenye ekzosi. Ikiwahi kupita kiasi, shinikizo na joto hupanda mno, mafuta yaliyobaki hujilipua yenyewe, na hapo ndipo unaposikia kugonga.

Zamani kazi hii ilikuwa ya dereva mwenyewe. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na mkono mdogo chini ya usukani, upande wa kushoto. Dereva aliusogeza ili cheche iwahi au ichelewe, akisikiliza injini kwa sikio. Akisahau kuichelewesha kabla ya kuwasha gari kwa hendeli, hendeli iliweza kurudi nyuma kwa nguvu na kumvunja mkono.

Kisha kazi ikahamia kwenye vyuma. Charles Kettering, mhandisi wa Marekani, alibuni mfumo wa betri, koili na pointi ambao Cadillac iliutumia kwenye magari ya 1910. Baadaye distributa zikawekewa vizito viwili na springi: injini ikiongeza kasi, vizito vinatanuka na cheche inawahi. Kando yake kukawa na kidude chenye utando, kinachovutwa na hewa ya injini, ili kujua mzigo ni mwepesi au mzito. Ukitazama kwa jicho la mwandishi wa programu, hiyo ni programu kabisa! Data zake ni kasi na mzigo, jibu lake ni digrii. Ila imeandikwa kwa springi, na huwezi kuibadilisha bila bisibisi.

Msaada mwingine ulitoka kwenye mafuta. Mwaka 1921 Thomas Midgley, aliyefanya kazi chini ya Kettering huyo huyo, aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa madini ya risasi kinazuia petroli kugonga. Injini zikaweza kubana zaidi, lakini sumu ikaenea hewani. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 Kenya na jirani zake walikuwa wameacha. Algeria ilimaliza mwaka 2021.

Kompyuta nazo zikaingia. Mwaka 1976 Chrysler ilitoa mfumo wa kielektroniki wa kupanga cheche, na 1979 Motronic ya Bosch ikaingia kwenye BMW 732i. Humo digrii zimo katika jedwali: mstari ni kasi, safu ni mzigo. Ukitaka taimingi nyingine, badilisha namba.

Sasa turudi Rodi Kopany. Gesi ya LPG, hasa ikiwa ni propani, ina oktani iliyo juu ya 100, hivyo inavumilia cheche ya mapema. Tena kwa kawaida inaihitaji, hasa injini ikizunguka polepole. Fundi wa Nairobi alifanya sawa, kwa Nairobi na kwa gesi. Lakini alikuwa akifanya kazi kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134. Hewa nzito zaidi, petroli badala ya gesi, mzigo, na kilima: yote manne yanasukuma injini upande mmoja, kwenye kugonga. Distributa haikuambiwa kwamba mafuta yamebadilika. Ni kama namba moja inayotumiwa na sehemu mbili za programu: ukiirekebisha kwa ajili ya hii, unaiharibu ile.

Dawa ipo. Kuna visanduku vya kielektroniki vinavyowahisha cheche pale tu swichi ikiwa kwenye gesi, na kuirudisha ikiwa kwenye petroli. Yaani majedwali mawili, mafuta mawili. Kama huna kisanduku, mwambie fundi aweke taimingi ya petroli. Gesi kwenye taimingi ya petroli itakupunguzia nguvu kidogo. Petroli kwenye taimingi ya gesi itakula pistoni.

Kwa hiyo dereva na fundi wote wawili hawakuwa wajinga. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya boneti: "Taimingi hii ni ya gesi." Sisi waandishi wa programu tunaijua kasoro hiyo vizuri. Nasi hubadilisha namba, mambo yakaenda, tukasahau kuandika kwa nini.

Mjomba sasa anatumia petroli peke yake. Akisikia ka-ka-ka anasimama, hata mwenye omena akinuna.

Haya, tuonane wakati mwingine.