Kubadilisha Mini ya zamani kutoka gia za mkono kuwa otomatiki

Kubadilisha gari la gia za mkono liwe otomatiki ni kuondoa klachi na giaboksi inayoendeshwa na mkono wa dereva, kisha kufunga mtambo unaochagua gia wenyewe. Kwenye magari mengi ya zamani yenye shafti ya kwenda nyuma, kazi hiyo huanza pale injini inapoishia. Mini, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1959 hadi 2000, haiko hivyo. Giaboksi yake iko chini ya injini, ndani ya sampu, na vyote viwili vinatumia oili moja. Anayebadilisha giaboksi ya Mini anagusa na injini, na hilo ndilo linaloamua spea za kununua, ukubwa wa kazi na bei yake.

Mpangilio wa injini

Alec Issigonis alipobuni Mini kwa ajili ya kampuni ya BMC, alitakiwa kutoa gari dogo kwa nje lakini lenye nafasi ya watu wanne. Aliilaza injini kwa upana wa gari na kuiweka giaboksi chini yake, ndani ya gari lenye urefu wa takriban mita 3.05. Kwenye Mini ya gia za mkono, klachi na flaiwili hukaa mwisho wa kranki. Nguvu hushuka kupitia gia tatu zinazosagana hadi kwenye giaboksi, ikapita kwenye difu iliyo nyuma ya sampu, na kutoka kwa shafti mbili za magurudumu ya mbele.

Giaboksi ya AP

Mini haikuhitaji kubuniwa otomatiki gereji, kwa sababu kiwanda chenyewe kilitoa toleo la otomatiki kuanzia 1965. Giaboksi hiyo ilitengenezwa na Automotive Products, kampuni ya Leamington Spa ambayo kila fundi huiita AP kwa kifupi. Ilikuwa na gia nne za kwenda mbele, wakati otomatiki nyingi za magari makubwa zaidi zilikuwa na tatu. Ndani yake hakuna klachi ya kukanyaga. Mahali pa flaiwili pana konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambamo injini inazungusha upande mmoja na oili inasukuma upande wa pili. Chini yake kuna gia za koni, mikanda ya breki, klachi za sahani nyingi na bodi ya valvu. Bodi hiyo hupima mwendo wa gari na mkanyago wa mafuta, kisha hupeleka presha ya oili kwenye mkanda au klachi inayotakiwa.

Wenzo wake una alama za R, N, namba za gia na D. Dereva akitaka hubadilisha gia kwa mkono, au huacha D ifanye kazi. Alama ya P haipo, kwa hiyo gari likiegeshwa mlimani hushikwa na breki ya mkono peke yake.

Mtambo wa aina hiyo ulitumika pia kwenye Austin na Morris 1100 na 1300, Allegro na Metro. Ndugu hao hawafanani kila kitu. Uwiano wa difu na namna ya kuunganisha shafti vilitofautiana kati ya modeli na miaka, na kuchanganya spea bila kuzipima kwanza ni kujitafutia gharama. Miaka ya 1990 Mini nyingi za otomatiki ziliuzwa Japani, na magari hayo ni chanzo kizuri cha injini kamili zenye giaboksi zake.

Spea zinazohusika

Kosa la kawaida ni kununua giaboksi peke yake. Kranki ya injini ya otomatiki ina mkia tofauti na ya gia za mkono, kwa kuwa inabeba konveta badala ya flaiwili ya klachi. Njia za oili nazo si zile zile. Ndiyo maana fundi mwenye busara hutafuta Mini ya otomatiki ya kuchinja, yaani ya kutolewa spea, na kutoa vitu hivi kwa pamoja:

Injini na giaboksi zikiwa bado zimefungana, pamoja na konveta na kifuniko chake.

Shafti za magurudumu na viungo vyake vya ndani, kwa kuwa otomatiki za awali zilitumia viungo vyenye flanji, si mipira ya Mini ya kawaida.

Wenzo wa gia, kebo yake, na swichi inayozuia stata isipige gia ikiwa imeingia.

Fimbo inayounganisha kabureta na giaboksi, pamoja na kabureta yenyewe.

Pedali pana ya breki. Pedali za Mini za breki na klachi zinashikwa na pini moja, kwa hiyo pedali ya klachi haiondolewi kwa kufungua bolti mbili tu.

Fremu ndogo ya mbele ipimwe kabla ya kununua chochote, kwa sababu giaboksi ya otomatiki ni kubwa kuliko ya mkono.

Hatua za kazi

Betri ya Mini ya salun iko kwenye buti, na hapo ndipo kazi inapoanza kwa kufungua waya wake. Kisha hutolewa oili, maji, boneti, redieta, kabureta, ekzosi na shafti. Injini hunyanyuliwa kwa winchi kupitia juu, au hushushwa pamoja na fremu yake. Njia ya pili hutoa nafasi ya kukagua fremu kama ina kutu.

Konveta imekazwa na bolti kubwa katikati na hushika mkia wa kranki kwa nguvu, hivyo hutolewa kwa pula maalumu. Kuigonga kwa nyundo huharibu sili, na sili ikivuja injini hutolewa tena.

Silinda kuu ya klachi na mpira wake wa chini huondolewa, na tundu lililobaki ukutani huzibwa kwa bati na gasketi ili moshi usiingie ndani. Tundu la wenzo mpya hukatwa sakafuni kwa kufuata kiolezo cha gari la otomatiki. Kebo ya spidomita hulinganishwa na difu, vinginevyo mshale utadanganya.

Oili

Oili ya injini ya gari hili ndiyo presha ya kubadilisha gia, ndiyo kilainisho cha difu, na ndiyo inayosukuma konveta. Mtambo wote ukiwa mkavu huingiza takriban lita 7.4, lakini ukimwaga wakati wa sevisi hutoka kama lita 5. Zilizobaki hukaa ndani ya konveta. Kwa sababu hiyo oili mpya huanza kazi ikiwa imechanganyika na ya zamani, na kuchelewesha sevisi humaliza klachi na mikanda kabla ya pistoni. Wamiliki wengi hubaki na oili ya madini ya 20W-50. Oili laini zenye viungo vya kupunguza msuguano hazifai, kwa kuwa mikanda inahitaji msuguano ili ishike.

Kiwango husomwa baada ya injini kuwashwa, kuzimwa na kuachwa kidogo. Kusoma kabla ya konveta kujaa humfanya fundi aamini kuwa oili inatosha.

Marekebisho na majaribio

Fimbo ya kabureta ndiyo hutoa taarifa ya mkanyago. Ikiwa fupi au ndefu kupita kiasi, gia huingia mapema, huchelewa, au injini hulia katikati ya gia. Fundi hupanga kwanza mwendo wa injini isiyo na mzigo, ikiwa moto, kisha hupanga fimbo. Akianza na fimbo, atalazimika kurudia.

Kuna jaribio la kushika breki, kuweka D na kukanyaga mafuta hadi mwisho, kwa muda usiozidi sekunde 10 ili oili isichemke. Mzunguko ukiwa chini ya kiwango cha kitabu, injini ni dhaifu au konveta ina hitilafu. Ukiwa juu, kuna kitu kinachoteleza ndani ya giaboksi.

Njia mbadala

Kuna vifaa vinavyobaki na giaboksi ya mkono na kuendesha klachi kwa mota, vinavyopendwa na madereva wenye ulemavu wa mguu wa kushoto. Wengine hufunga injini na otomatiki ya gari la kisasa la Japani, kazi inayohitaji fremu mpya. Wengine huondoa injini yote na kuweka mota ya umeme, isiyohitaji kubadilisha gia.

Usajili

Injini mpya ina namba mpya. Taarifa yake hupelekwa kwa mamlaka ya usajili wa magari: DVLA kwa Uingereza, na NTSA kwa Kenya. Kwa gari la Uingereza lililotimiza miaka 40, mabadiliko makubwa yanaweza kulinyima msamaha wa ukaguzi wa kila mwaka, na kubaki na injini ya familia ileile hupunguza hatari hiyo.

Kwa ujumla, mwenye Mini nzima ya gia za mkono anayetaka otomatiki kwa starehe hupata nafuu zaidi akinunua Mini iliyotoka kiwandani ikiwa otomatiki. Kubadilisha hulipa pale gari lina thamani ya kipekee kwa mwenyewe, au pale mguu haumruhusu tena kukanyaga klachi, na gari la kuchinja limekwisha kupatikana.