Moth: Ndege ya Klabu Iliyokwenda Vitani

Ndege nyepesi ya Moth iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1925 katika kiwanja cha Stag Lane, London. Mbunifu wake, Geoffrey de Havilland, alikuwa mpenzi wa vipepeo na wadudu, akaipa jina la nondo kwa kuwa mabawa yake yalikunjwa nyuma kama ya mdudu huyo, hata ikatosha kuingia katika banda dogo. Injini yake ilikuwa na asili ya vita. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilibaki injini nyingi za Renault za silinda nane. Mhandisi Frank Halford akachukua muundo huo na kuugawa nusu, akapata injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 60, nafuu na rahisi kutunza.

Mwaka huohuo Wizara ya Anga ya Uingereza ilianza kutoa ruzuku kwa klabu tano za urubani, zikiwemo za London, Lancashire na Newcastle, na Moth ndiyo iliyochaguliwa kufundishia. Wanachama walikwenda klabuni kujiburudisha mwisho wa juma, lakini serikali ilikuwa na hesabu yake: nchi yenye marubani wengi haitaanzia sifuri siku ya vita. Mwaka 1938, hofu ya Ujerumani ilipozidi, ukaanzishwa mpango wa Civil Air Guard, ambamo wanaume kwa wanawake wa miaka 18 hadi 50 walifundishwa kuruka kwa bei ya chini sana. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba vita viliziteka klabu kwa ghafla. Mbegu ilipandwa miaka 14 kabla ya mavuno.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, safari za anga za raia zilipigwa marufuku Uingereza, na ndege za klabu na za watu binafsi zikatwaliwa. Zilipakwa rangi za kujificha, zikapewa namba za kijeshi, zikapelekwa kufundisha, kubeba ujumbe na kusafirisha maofisa. Zilizochoka hazikutupwa, mafundi wanafunzi walizifungua na kuzifunga tena ili wajifunze kazi.

Mzigo mkubwa wa mafunzo uliangukia Tiger Moth, ndugu mdogo aliyezaliwa mwaka 1931. Jeshi lilitaka mtu wa kiti cha mbele aweze kutoka na parachuti yake, basi bawa la juu likasogezwa mbele, na mabawa yakainamishwa nyuma ili uzito wa ndege ukae sawa.

Kazi ya ajabu kuliko zote ilikuwa ya pwani. Desemba 1939 ndege za doria zilikuwa chache mno, na Tiger Moth na Hornet Moth zikapelekwa kuruka juu ya bahari kuzunguka Uingereza bila bunduki wala bomu. Rubani alibeba bastola ya ishara na njiwa wa kupeleka habari. Lengo lilikuwa kuzitisha nyambizi za adui: nahodha wa nyambizi akiona ndege hawezi kujua kama ina silaha. Huzama, na chini ya maji mwendo wake hupungua. Injini ilikuwa moja tu, na ikizimika baharini rubani hakuwa na pa kutua. Doria hizo ziliendelea hadi Mei 1940. Baadaye mwaka huo, uvamizi ulipotarajiwa, Tiger Moth zilitayarishwa kubeba mabomu manane ya kilo 9 kila moja. Wavamizi hawakuja, na mpango huo haukutumika.

Nairobi ilikuwa na historia yake ya Moth. Klabu ya urubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1927. Miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson alifungua kampuni ya Wilson Airways kwa ndege moja ya Gipsy Moth, rubani akiwa Tom Campbell Black. Mwaka 1939 ndege na marubani wa kampuni hiyo waliingizwa katika kikosi cha Kenya Auxiliary Air Unit. Mwishoni mwa mwaka huo Roald Dahl, mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam na baadaye mwandishi mashuhuri, alikwenda Nairobi kujifunza kuruka kwa Tiger Moth. Urefu wake ulikuwa karibu mita mbili, hivyo kichwa chake kilichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika wanafunzi 16 wa kundi lake, 13 waliuawa ndani ya miaka miwili.

Raia wa Uingereza waliruhusiwa kuruka tena tarehe 1 Januari 1946. Jeshi likauza Tiger Moth nyingi kwa bei ndogo, na klabu zilezile zikazinunua kufundishia. Na kule Nairobi, kiwanja kilichotumiwa na Wilson Airways kilipewa jina la Wilson mwaka 1962.