Pembe, Sindano na Uso Uliopinda

Ndugu msomaji, miongoni mwa maradhi yanayomshtua mtu na jamaa zake ni haya: mtu huamka asubuhi akauona upande mmoja wa uso wake umelala, mdomo umekwenda kando, jicho halifumbi, na maji ya kusukutua yanamtoka bila ya yeye kutaka. Waarabu wameyaita laqwa. Kwetu pwani husemwa amepigwa na upepo au na shetani. Huko Shinyanga na Geita, ikisemwa kuwa ni kazi ya mtu, damu huweza kumwagika. Basi yafaa tuijue tarehe ya maradhi haya na ya tiba zake.

Abubakar Ar-Razi, tabibu wa mji wa Rayy aliyefariki kiasi cha mwaka 925, aliyataja katika kitabu chake Al-Hawi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika Al-Qanun. Mabwana hawa waliutazama uso wa mgonjwa na wakaitafuta sababu ndani ya mwili wake; hawakutoka nje kumtafuta jirani wa kumtuhumu. Mwaka 1821, Charles Bell aliwaeleza wataalamu wa London habari za mshipa wa fahamu unaotokea karibu na sikio na kuuendesha uso, na Wazungu wakayaita maradhi kwa jina lake.

Ama kuumika, ambako Waarabu hukuita hijama, ni tiba kongwe. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliumikwa na Abu Taiba, akaamrisha apewe pishi mbili za chakula kuwa ujira wake. Lakini pembe haikuwa ya Waarabu peke yao. Huko Uchina, Ge Hong aliitaja katika karne ya nne. Na watu wa bara yetu, tangu zamani, huitoboa ncha ya pembe ya ng'ombe au ya mbuzi, muumishi akaivuta hewa kwa mdomo, kisha akaziba tundu kwa nta. Lau wangelikutana wazee hao watatu, kila mmoja angelikitambua chombo cha mwenziwe.

Sindano ilitujia kwa njia nyingine. Matabibu wa Kichina walianza kufika Zanzibar mwaka 1964, wakitoka jimbo la Jiangsu, na mwaka 1968 wakafika Tanganyika, wakitoka Shandong. Katika miaka ya 1990 zahanati za Kichina za watu binafsi nazo zikafunguliwa Dar es Salaam. Kwa uso uliopinda, Mchina huchoma sindano nyembamba shavuni, karibu na sikio, na mkononi baina ya kidole gumba na cha shahada. Kisha huenda akaweka vikombe vidogo ili kuivuta damu ije juu ya ngozi. Hivyo pembe na sindano zikakutana juu ya uso mmoja.

Je, tiba hiyo yaponya? Haki isemwe. Wagonjwa wengi wa laqwa hupona ndani ya wiki au miezi michache hata bila ya dawa, na kwa hiyo kila mganga huweza kujisifu. Zipo tafiti zinazoisifu sindano, lakini nyingi katika hizo ni dhaifu, na za kuumika ni dhaifu zaidi. Lililothibiti ni kuwa vidonge vya prednisoloni, vikianzwa kwa amri ya daktari ndani ya siku tatu, humzidishia mgonjwa nafasi ya kupona sawasawa.

Sasa turudi Usukumani. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966 na ukafunguliwa tena mwaka 2000, na watu wa kila kabila, hata vijana wetu wa pwani, wamekwenda huko kutafuta riziki. Penye tamaa na hofu, mpiga ramli hapungukiwi na wateja. Baina ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu zaidi ya 3,600 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao Usukumani, na wengi wao wanawake. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa samadi wanayopikia! Januari mwaka 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Lakini marufuku haiingii moyoni mwa mtu. Hapo ni kazi ya elimu.

Basi, ndugu yangu, ukimwona mwenye uso uliopinda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama mkono au mguu nao umelegea, au ulimi umekuwa mzito, au paji la uso bado lakunjika sawasawa pande zote mbili, huenda ni kiharusi, wala usingoje. Jicho lisilofumba litiwe dawa ya matone, na usiku lifunikwe, lisije likapofuka. Akitaka kuumikwa au kuchomwa sindano, iwe kwa mjuzi, na wembe na sindano viwe vipya, kwani virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini hupita katika damu. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa anayejitia utabibu bila ya kuujua huibeba dhamana ya madhara yake.

Na akija mtu kukuuliza ni nani aliyemroga, mjibu kuwa Ar-Razi aliyaona maradhi haya miaka elfu na zaidi iliyopita, na hakumtaja bibi kizee yeyote. Huenda jibu hilo likaiokoa roho ya mtu.

Wallahu aalam.