Ndoto, Vyombo na Wosia: Historia ya Motifu Tatu katika Kisa cha Mbatian na Wanawe

1. Utangulizi

Ndoto ni mbinu kongwe ya usimulizi. Kwa kuitumia, mtambaji hupata ruhusa ya kuyasema yajayo kana kwamba yamekwisha kupita, na hadhira humkubalia bila kudai ushahidi. Tamthilia ya televisheni ya The Sandman, iliyoanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2022 kutokana na katuni za Neil Gaiman zilizochapishwa kati ya 1989 na 1996, imejengwa juu ya ruhusa hiyo. Mhusika wake mkuu, mfalme wa nchi ya ndoto, anatekwa Uingereza mwaka 1916 na mchawi aliyekusudia kumnasa Mauti, ambaye katika kisa hicho ni dada wa mfalme huyo. Ananyang'anywa mfuko wa mchanga, kofia ya vita na kito chekundu, na baada ya kutoroka inambidi avitafute.

Vyombo vya uwezo vinavyotwaliwa kwa hila, ndugu wanaohasimiana, na mjuzi aonaye yasiyoonekana si mambo mageni katika nchi ya Kajiado. Yote yamo katika kisa cha oloiboni Mbatian na wanawe wawili. Makala haya yanachunguza historia ya kisa hicho, na yanatetea hoja kwamba motifu zake hazikubaki katika utambaji. Ziliingia katika mikataba ya ardhi, na huko zilitumiwa kuyapa maamuzi ya wanadamu sura ya majaliwa.

2. Kisa na Vyombo Vyake

Iloibonok wa Kimaasai walitoka katika ukoo wa Inkidongi. Jina hilo lahusiana na enkidong, chombo ambamo mjuzi hutikisa vijiwe vya kupigia ramli. Baadhi ya masimulizi humtaja mwasisi wa ukoo kuwa mtoto aliyeokotwa na morani katika vilima vya Ngong, asiyejulikana wazazi wake. Huo ni mwanzo wa kawaida wa mashujaa wa fasihi simulizi: ajaye kutoka kusikojulikana ndiye ajuaye yasiyojulikana.

Kisa chenyewe kiliandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake kuhusu Wamaasai kilichotoka mwaka 1905. Mbatian, akikaribia kufa yapata mwaka 1890, anawatabiria wazee maafa yatakayowaangamiza ng'ombe. Kisha anamwambia mwanawe mkubwa, Sendeyo, aje asubuhi apokee vyombo vya uganga. Mdogo, Olonana, anasikia akiwa amejificha zizini mwa ndama. Anamtangulia nduguye alfajiri, na kwa kuwa macho ya mzee ni dhaifu, anapokea vyombo hivyo kwa hila. Sendeyo anakataa kuwa chini ya mdogo wake, na vita vinazuka kati ya wafuasi wao.

Wasomaji wa Biblia wataona mara moja kivuli cha Yakobo na Esau. Mjerumani Merker, aliyeandika mwaka 1904, alitumia mifanano ya namna hiyo kudai kwamba Wamaasai wana asili ya Kisemiti. Hoja hiyo haina mashiko, kwani motifu ya mdogo anayemtangulia mkubwa huzuka popote urithi unapogombewa. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: kisa hiki kilimfaa nani wakati kilipoandikwa?

3. Mjuzi Anafanywa Mfalme

Katika The Sandman, mwenye ndoto ni mfalme mwenye kasri na raia. Oloiboni hakuwa hivyo. Alibariki morani, alipiga ramli, alifasiri dalili. Lakini hakutawala malisho, wala hakuwa na mamlaka ya kugawa ardhi. Mambo hayo yalikuwa mikononi mwa wazee na marika. Serikali ya Waingereza, ikihitaji mtu mmoja wa kuweka sahihi, ilimfanya Olonana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai. Mwaka 1904 alikuwa miongoni mwa waliotia alama katika mkataba uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa katika maeneo mawili: Laikipia kaskazini, na kusini ya reli, ambako ndiko Kajiado ya leo.

Hollis alikuwa afisa wa serikali hiyohiyo, na kitabu chake kilitoka mwaka mmoja baada ya mkataba. Kisa alichokiandika kinaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, kinamshtaki Olonana kwa hila. Kwa upande mwingine, kinathibitisha kwamba vyombo anavyo yeye. Mtambaji aliiacha hukumu mikononi mwa hadhira. Serikali ilichukua nusu iliyoifaa.

4. Wosia wa Pili

Olonana alifariki Machi 1911. Maafisa wa serikali waliripoti kwamba kabla ya kukata roho aliwausia watu wake waitii serikali na kwamba Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini. Mwezi uliofuata, Aprili 1911, mkataba wa pili ulitiwa sahihi, na Laikipia ikatolewa kwa walowezi.

Hapa mhakiki anakutana tena na tukio analolijua: mzee kitandani, neno la mwisho, urithi unaobadili mkono. Ila safari hii msimulizi ni ofisi, na anayepokonywa ni umma mzima. Haijalishi sana kama maneno hayo yalitamkwa au hayakutamkwa. Lenye uzito ni kwamba wosia ulipewa nguvu ya kisheria ambayo haukuwa nayo katika mila. Wamaasai waliofungua kesi mwaka 1912, akiwamo Ole Njogo ambaye kesi hiyo hujulikana kwa jina lake, walilipinga jambo hilohilo: walidai kwamba waliotia sahihi hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga watu wa Laikipia. Mwaka 1913 mahakama ilikataa kuisikiliza hoja hiyo, ikisema mikataba ilikuwa maafikiano baina ya madola. Hivyo Wamaasai walitambuliwa kuwa dola huru kwa muda uliotosha tu kuwanyima haki ya kusikilizwa.

5. Nyoka wa Chuma

Motifu ya nyoka wa chuma, yaani reli iliyotabiriwa kabla haijaja, si mali ya jamii moja. Jomo Kenyatta aliisimulia mwaka 1938 kuhusu mtabiri wa Kikuyu, Mugo wa Kibiro, aliyeamka usiku na mwili wenye michubuko, asiweze kusema. Motifu hiyo huambatanishwa pia na watabiri wa Kinandi na wa Kimaasai. Kuenea kwake kunaonyesha kwamba jamii zilizopatwa na pigo moja zilitafuta faraja moja: lililotujia lilijulikana, basi hatukushindwa kwa ujinga. Faraja hiyo ni halali. Hatari huanza pale mwenye nguvu anapoiazima, kwa sababu jambo lililotabiriwa huonekana kana kwamba halina mtendaji.

Historia ya karibuni ya Kajiado inakumbusha kwamba watendaji wapo. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi mwaka 1988, kisha mauzo, nyua na nyumba zikafuata katika nyika iliyokuwa mapito ya mifugo na wanyamapori. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2019 kutoka Nairobi kwenda Suswa imepenya kwa handaki katika eneo la Ngong, karibu na vilima ambako mwasisi wa Inkidongi husemwa kuwa aliokotwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji oloiboni alitabiri. Yalihitaji hati, vikao na sahihi.

6. Hitimisho

Katika tamthilia ya Gaiman, nguvu za vyombo hurudi kwa mwenyewe na nchi ya ndoto hujengwa upya. Kisa cha Mbatian hakitoi ahadi hiyo. Sendeyo alirudi kwa nduguye kutaka amani mwaka 1902, lakini vyombo vilibaki vilipokuwa. Wanafunzi wanaokusanya masimulizi ya Kajiado wanapaswa kuandika, pamoja na kisa, ni nani aliyekisimulia, mwaka gani, na mgogoro gani wa ardhi ulikuwa ukiendelea wakati huo. Bila maelezo hayo, utabiri utasomwa kama chanzo cha mambo, ilhali mara nyingi ni namna walioathirika walivyoyaeleza baada ya kutokea.