Nakshi

Kule Tabaka, kaunti ya Kisii, sahani ya jiwe la sabuni husuguliwa kwa msasa na maji hadi iwe nyororo, kisha hupakwa rangi kwa mkono. Hapo ndipo nakshi huanza. Fundi hukwaruza kwa ncha kali, na twiga au ua likajitokeza kwa weupe wa jiwe lenyewe, uliokuwa umefunikwa na rangi.

Nakshi ni neno la asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo hubeba maana ya kuchora, kutia rangi na kuchonga kwa pamoja. Tumelizoea mno kwenye milango ya Lamu, hata wengi hudhani ni kuchonga mbao tu. Tabaka inalirudishia upana wake. Ramani nyingi za kale za Ulaya zilifuata njia ya kinyume: mistari ilichongwa kwanza kwenye bamba la shaba, ikachapwa, ndipo rangi ikatiwa kwa brashi.

Wauzaji wa sahani za Tabaka wanaoandika “sahani ya rangi” wanaipunja kazi hii. Waandike “sahani ya nakshi”, kwa kuwa katika mkwaruzo ndimo mkono wa fundi mmoja hutofautiana na wa mwingine.