Faili Hufunguliwa na Nani? Historia Fupi ya Dhana Iliyoitwa Chaguo-Msingi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo wafasiri hutuletea ili tuzitolee uamuzi, iliyotusumbua kuliko nyingi ni ile inayotaja programu inayofungua faili pale mtumiaji anapolibofya bila ya kusema lifunguliwe kwa programu gani. Kampuni kubwa za programu zimekwisha kuieneza kwa jina la chaguo-msingi. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya dhana yenyewe, hasa katika mfumo wa Linux, kwa kuwa tunaona jina hilo lilitolewa kabla ya historia hiyo kuchunguzwa.

Yeyote aliyepata kufanya kazi masijala anaijua dhana hii. Barua ikiingia bila ya kutajwa mpokeaji, karani huitambua kwanza kuwa ni ya mishahara au ya viwanja, kisha huiweka katika jalada lake na kulipeleka kwa afisa ambaye kwa desturi hushughulikia mambo hayo. Hatua ni mbili: kutambua aina, na kumjua mhusika. (Hapa jalada ni lile la karatasi, la kompyuta tunaliita faili.)

Hatua ya kwanza ilitatuliwa kwa njia mbalimbali. Unix, tangu 1973, ilikuwa na programu iitwayo file, ambayo huchungulia yaliyomo ndani ya faili na kukisia aina yake. Kompyuta ya Macintosh, iliyotolewa 1984, iliandika juu ya kila faili alama mbili za herufi nne nne: moja ya aina, na nyingine ya programu iliyoliunda, hata ikawa faili linamjua mzazi wake. Windows ilitegemea herufi za mwisho wa jina, ambazo wafasiri wengine huziita kiendelezi na wengine kiambishi. Hilo la pili tungeomba liachiwe sarufi.

Njia ambayo Linux iliirithi ilitoka kwenye barua pepe. Mnamo Juni 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa hati ya MIME, iliyogawa yaliyomo katika barua kwa aina kuu 7, kila moja ikiwa na aina ndogo chini yake. Ndiyo asili ya alama kama text/plain na image/jpeg. Sambamba nayo palikuwa na faili la mailcap, lililoiambia programu ya barua ni programu gani nyingine iitwe kwa kila aina. Kwa maneno mengine, karani wa masijala alikuwa amepata daftari.

Tatizo likawa wingi wa madaftari. Mazingira ya KDE yalianzishwa 1996, na ya GNOME 1997, na kila moja likawa na utaratibu wake. Mtu aliyeagiza picha zake zifunguliwe kwa programu fulani katika mazingira moja, alikuta agizo hilo halitambuliwi katika mengine. Mwaka 2000 Havoc Pennington alianzisha freedesktop.org, jukwaa la kuafikiana juu ya mambo ya namna hii. Humo ulitoka mkusanyo mmoja wa aina za mafaili, zikafuata mwaka 2006 zana za xdg-utils, zinazomwezesha mtumiaji kubadili mhusika kwa amri moja, na hatimaye utaratibu wa faili liitwalo mimeapps.list.

Faili hili linastahili kutazamwa kwa makini na kila mfasiri. Lina mafungu matatu: la programu zilizoongezwa kwa aina fulani, la zilizoondolewa, na la zile zinazopewa kazi kwanza. Mstari mmoja husomeka hivi: application/pdf=firefox.desktop. Tena faili lenyewe si moja. Liko la mtumiaji, ndani ya kabrasha lake la .config, liko la msimamizi wa mashine, na liko la waliousambaza mfumo. La mtumiaji husomwa kwanza. Likiwa kimya, husomwa yanayofuata. Na yote yakiwa kimya, mfumo hujichukulia programu yoyote iliyojitangaza kuwa inaiweza aina hiyo.

Basi tujiulize: chaguo liko wapi? Tulipowasomea walimu rasimu yetu ya kwanza, mmoja aliuliza, “Ni nani aliyechagua?” Hatukuwa na jibu. Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina asili ya Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kukosa au kupungukiwa. Mahakamani hutumika pale mdaiwa asipofika. Maana yake basi ni jambo linalotendeka kwa sababu hakuna aliyesema neno. Kuliita chaguo ni kuligeuza kinyume chake, na kuliita msingi ni kumtisha mtumiaji asithubutu kuligusa, hali kubadilisha kwake ni kazi ya dakika moja na wala hakuliathiri faili.

Rai yetu ni kwamba dhana hizi ni mbili. Programu iliyowekwa na wasambazaji iitwe programu ya awali. Ile ambayo mtumiaji ameiandika mwenyewe iitwe programu teule, kwa maana hiyo kweli imeteuliwa. Tunakiri kuna ugumu: orodha za menyu hutumia neno moja kwa zote mbili, na mfasiri hana budi kuuliza ni faili la nani linaloandikwa. Penye kitufe cha kuthibitisha, tunaona inatosha kuandika “Fungua daima kwa programu hii”.

Wako wenzetu wanaosema chaguo-msingi limekwisha kuenea katika simu za mamilioni ya watu, na kwamba tumechelewa. Huenda ni kweli kwa simu. Kwa Linux, ambayo tafsiri zake zinaweza kurekebishwa na yeyote mwenye nia, kazi bado iko wazi, na tungependa kupokea hoja za wasomaji kabla ya orodha kupelekwa kwenye kamati ya usanifishaji.