Mchanga wa Kwale na karatasi inayonusa sumu

Mgodi wa titaniamu wa Kwale ulifungwa Desemba 2024. Malori ambayo watu wa Kona ya Musa, Ukunda na Msambweni waliyazoea kwa zaidi ya miaka kumi, yakielekea gati la kampuni kule Likoni, hayapiti tena. Yaliyobaki ni mashimo yanayofukiwa, mashamba yanayosubiri wenyewe na mabishano ya mirabaha. Ndani ya mchanga uliochimbwa hapo, hata hivyo, mna historia ambayo haijasimuliwa sana huku kwetu, nayo inahusu hewa tunayoivuta.

Safari ya mgodi wenyewe inajulikana. Tiomin ya Kanada ilipima mchanga miaka ya 1990, ikapewa idhini ya kuchimba mwaka 2004, ikashindwa. Base Resources ya Australia ikaununua mradi mwaka 2010, na shehena ya kwanza ikaondoka Februari 2014.

Kisa cha kusimuliwa ni kile cha mwaka 2001. Rodgers Muema Nzioka na wenzake waliishtaki Tiomin katika Mahakama Kuu ya Mombasa. Wakulima wa vijiji vya Nguluku na Maumba walikuwa wakiulizana kuhusu vumbi, maji na mionzi: tutavuta nini, tutakunywa nini, na nani atatupimia? Sheria ya mazingira ya 1999 ilikuwa bado mbichi, na wengi waliiona kama karatasi tu mbele ya Sheria ya Madini ya enzi za mkoloni. Jaji Andrew Hayanga aliona vingine. Alisema sheria mpya ndiyo yenye nguvu, na kwamba bila tathmini ya athari kwa mazingira iliyoidhinishwa, kazi isimame. Akatoa zuio. Kampuni ya kigeni yenye mabilioni ilisimamishwa na watu wa minazi na mikorosho, na hadi leo wanafunzi wa sheria nchini wanaisoma kesi ile. Kwale ingestahili kuisherehekea kila mwaka.

Swali la wakulima wale, la nani atapima hewa, lilikuwa likitafutiwa majibu mbali na Pwani. Mjapani Naoyoshi Taguchi alikuwa amebuni kihisi cha gesi cha oksidi ya bati mwaka 1962, lakini kihisi cha aina hiyo hakifanyi kazi mpaka kipashwe moto wa nyuzi mamia. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walibandua grafini, kaboni yenye unene wa atomu moja, kwa utepe wa gundi. Miaka mitatu baadaye kundi lao likaonyesha kuwa utando huo huhisi hata molekuli moja moja za nitrojeni dayoksaidi, gesi ya moshi wa dizeli. Sababu ni nyepesi kueleweka: utando mwembamba hivyo hauna ndani, wote ni uso. Molekuli ikinata juu yake, mkondo wa umeme hubadilika papo hapo.

Mwaka 2011 ikaja zamu ya titaniamu. Michael Naguib, Yury Gogotsi na Michel Barsoum wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichukua mchanganyiko wa titaniamu, alumini na kaboni. Alumini hukaa kati ya matabaka kama samli kwenye chapati. Wakaiyeyusha kwa asidi ya haidrofloriki, yakabaki matabaka membamba ya titaniamu na kaboni, yaliyopewa jina maksini. Mwaka 2018 watafiti wa Korea ya Kusini pamoja na Drexel waliitumia kunusa amonia na asetoni kwa viwango vya makumi ya sehemu katika bilioni, bila kuipasha moto.

Fundi anayeshuka kisimani au kwenye shimo la choo huku kwetu bado hutanguliza mshumaa. Mshumaa humwambia kuwa hewa safi imekwisha. Haumwambii kuwa kuna haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu ambayo kihisi kingeinusa.

Sehemu kubwa ya madini ya titaniamu duniani huishia kwenye rangi nyeupe. Ya Kwale yaliondoka ghafi, ilmenaiti na rutili kwa meli, na thamani ikaongezwa ng'ambo. Hilo linaniuma. Maksini nayo ina udhaifu mmoja: kwenye unyevu huoza polepole na kugeuka titaniamu dayoksaidi, kiini kile kile cha rutili yetu. Mahali pa kuijaribu, basi, ni penye joto na unyevu kama Diani.

Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mirabaha na jamii asilimia 10. Serikali ya Kaunti ya Kwale itenge sehemu ya fedha hizo kwa maabara ya vihisi pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa na kile cha Pwani, na watoto wa Nguluku na Maumba wawe wa kwanza kupewa nafasi.